MBEGU HUANZA NDANI KABLA YA MVUA: MAFUNZO YA KITALU CHA MICHIKICHI MKOANI KIGOMA

Mchikichi unaopandwa shambani mkoani Kigoma mvua za Novemba zinapoanza huwa umekwisha kupita mwaka mzima na miezi kadhaa katika mikono ya watu. Mbegu yake kwanza hutiwa joto ndani ya chumba, kisha huoteshwa, kisha huatikwa katika kiriba kidogo, na baadaye huhamishiwa katika kiriba kikubwa. Yote hayo hufanyika kabla jembe halijagusa shimo la shamba. Mkulima aliyepata mche mzuri kwa wakati wake hupata shamba litakalomtunza kwa muda wa miaka 25 hivi. Aliyepata mche mbaya hatalijua kosa hilo ila baada ya miaka mitatu au minne, na wakati huo ardhi, nguvu na fedha zitakuwa zimekwisha kupotea.

Kwa hiyo ni jambo la maslaha kwa wananchi, na zaidi kwa watumishi wa umma wanaohusika na kilimo, kuelewa namna mche wa mchikichi unavyoandaliwa, kwa nini unaandaliwa mapema kiasi hicho, na kwa nini mbegu iliyookotwa chini ya mti mzuri haitoshi. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa kufuata hatua zake. Yanaeleza pia yale ambayo mkaazi mwenye bustani ndogo ya mboga anaweza kuyatumia nyumbani kwake.

KWA NINI MBEGU HUTANGULIZWA

Katika nchi za baridi, kama zile za Ulaya ya Kaskazini, mwenye bustani huziotesha mbegu za nyanya na pilipili ndani ya nyumba, karibu na dirisha lenye mwangaza, wiki sita hadi nane kabla baridi haijaondoka. Hufanya hivyo kwa kuwa msimu wa joto wa kwao ni mfupi. Akingoja ardhi ipate joto ndipo apande mbegu, baridi itarudi kabla matunda hayajaiva. Mche uliokulia ndani humwongezea siku ambazo majira hayakumpa.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika hakuna barafu, walakini kuna kiangazi. Mvua za Kigoma aghalabu huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na huendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Tangu hapo mpaka Oktoba ardhi hukauka. Kwa mwaka mzima mvua hiyo ni takriban milimita 1,000, ilhali mchikichi kwa asili yake ni mti wa nchi zenye mvua nyingi za Afrika ya Magharibi na ya Kati, nao hustawi zaidi panaponyesha milimita 1,800 hadi 2,000 zilizogawanyika vyema katika mwaka.

Maana ya tofauti hii ni kwamba mchikichi wa Kigoma hauna muda wa kupoteza. Mche sharti uingie ardhini mvua zikianza, tena ukiwa umekomaa, wenye mizizi na majani ya kutosha, ili upate miezi mitano au sita ya kujishika kabla ya kiangazi chake cha kwanza. Mche mchanga mno hautafika Oktoba. Hata mche mzuri ukipandwa mwezi wa Machi hupata wiki chache tu za mvua, na baadaye huachwa na jua. Kwa hiyo kama ilivyo kwa mwenye bustani wa Ulaya, mkulima wa Kigoma hushindana na majira, na ushindani huo huamuliwa kitaluni.

ZAO LA ZAMANI LA MWAMBAO WA ZIWA

Mchikichi si mgeni wa Kigoma wala Ujiji. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliukuta mji huo ukiwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo na Zanzibar, na mafuta ya mawese yakiwa miongoni mwa bidhaa za mwambao huo. Burton aliyaandika hayo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860. Mpaka leo mawese huuzwa katika masoko ya Kigoma na Ujiji, na kiini cha ndani ya kokwa, ambacho wenyeji hukiita mise, hutoa mafuta yake ya pekee yanayofaa kwa sabuni.

Mara nyingi husemwa kwamba nchi ya Malaysia, ambayo sasa ni mojawapo ya wazalishaji wakubwa wa mawese duniani, ilipata mbegu zake za kwanza Kigoma. Kumbukumbu za kilimo zinaonyesha mambo mengine. Michikichi minne ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na kizazi cha michikichi hiyo ndicho kilichoenea Sumatra na Malaya. Shamba la kwanza la biashara la Malaya lilianzishwa mwaka 1917. Ni kweli kwamba watafiti wa Malaysia walikuja kukusanya mbegu Tanzania, lakini hiyo ilikuwa mwaka 1986, wakati kilimo chao kilikuwa kimekwisha kushamiri. Walichokifanya wenzetu hao tangu mapema ni kuchagua mbegu kwa bidii, kizazi baada ya kizazi, na kuvisimamia vitalu vyao kwa nidhamu. Hilo ndilo la kuigwa.

Kwa upande wa Tanzania, mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimamia kuanzishwa kwa juhudi mpya za kulifufua zao hili mkoani Kigoma. Kituo cha Kihinga kilikabidhiwa jukumu la utafiti wa michikichi chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Uzalishaji wa mbegu na miche ulihusisha pia Wakala wa Mbegu za Kilimo, kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa cha Bulombora, Gereza la Kwitanga pamoja na halmashauri. Sababu yake haihitaji maelezo marefu: Tanzania bado huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, na bei ya mafuta hayo humfikia kila mwenye jiko, Bara na Visiwani.

AINA TATU ZA MCHIKICHI

Ili kuelewa umuhimu wa mbegu, ni lazima kwanza kulielewa tunda lenyewe. Tunda la mchikichi, ambalo pia huitwa ngazi, lina nyama ya nje yenye mawese, kisha kifuu kigumu, na ndani ya kifuu mna kiini. Wataalamu huigawa michikichi katika aina tatu kwa kuangalia kifuu hicho.

Aina ya kwanza ni dura. Kifuu chake ni kinene, aghalabu baina ya milimita 2 na 8, na nyama yake ni chache. Michikichi mingi ya zamani ya Kigoma ni ya aina hii. Aina ya pili ni pisifera, ambayo haina kifuu. Mtu angedhani hiyo ndiyo bora, lakini pisifera kwa kawaida ni tasa: mikungu yake huharibika kabla ya kuiva. Aina ya tatu ni tenera. Kifuu chake ni chembamba, baina ya nusu milimita na milimita 4, nyama yake ni nyingi, na mafuta yake yanazidi ya dura kwa mbali. Tenera ndiyo anayoitaka mkulima.

Siri ya uhusiano wa aina hizi iligunduliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Watafiti Beirnaert na Vanderweyen, waliofanya kazi katika kituo cha Yangambi, kwenye ukingo wa Mto Kongo, walieleza mwaka 1941 kwamba tenera si mbari inayojitegemea. Ni mtoto wa dura na pisifera. Ukichukua chavua ya pisifera ukaitia katika ua la kike la dura, watoto wote watakuwa tenera. Mwaka 2013 watafiti wa Malaysia na Marekani walitangaza kuigundua jini yenyewe inayotawala unene wa kifuu, na maelezo ya mwaka 1941 yakazidi kuthibitika.

Natija ya jambo hili kwa mkulima ni kubwa. Mwenye mchikichi mzuri wa tenera huona tunda nono, akaokota mbegu zake na kuzipanda, akitumaini kuvuna mfano wake. Hatavuna hivyo. Tenera ikichavushwa na tenera, robo ya watoto huwa dura, nusu huwa tenera, na robo huwa pisifera. Katika hekta moja yenye michikichi 143, mkulima huyo atarajie miti ipatayo 36 isiyozaa, na mingine ipatayo 36 yenye kifuu kinene kama ya mababu. Tenera ikichavushwa na dura za majirani, jambo lililo jepesi kutokea Kigoma, nusu ya watoto watakuwa dura. Ama dura kwa dura huzaa dura tupu.

Shida kubwa zaidi ni kwamba miche ya aina zote tatu hufanana. Hakuna bwana shamba, hata awe na uzoefu gani, awezaye kuutazama mche kitaluni akasema kwa yakini kwamba huu ni tenera na huu ni pisifera. Jambo hilo hujulikana mti unapozaa, au kwa kipimo cha maabara. Ndiyo maana dhamana pekee ya mkulima wa kawaida ni kujua mbegu imetoka wapi.

MBEGU INAVYOTENGENEZWA

Katika uzalishaji wa mbegu ulio rasmi, mchikichi mama wa dura huchaguliwa, na shada lake la kike hufunikwa kwa mfuko kabla ya kufunguka, ili chavua ya upepo au ya wadudu isiingie. Maua yakiwa tayari, hutiwa chavua ya pisifera iliyokusanywa na kuhifadhiwa. Tarehe huandikwa, na namba ya mama na ya baba hufungwa kwenye shada. Mkungu huchukua miezi mitano hadi sita kuiva. Mkungu usio na kumbukumbu hautolewi mbegu, hata ukiwa mzuri namna gani.

Mkungu ukivunwa, matunda hutenganishwa, nyama huondolewa, na kokwa huoshwa na kukaushwa kivulini. Jua kali haliruhusiwi hapa, kwa kuwa huweza kukiua kiini. Kokwa hizo ndizo mbegu.

CHUMBA CHA JOTO

Mbegu ya mchikichi ina tabia ya kulala. Ikipandwa hivi hivi huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, na huota moja moja bila ya mpango. Porini hali hiyo huuhifadhi mti, kwani mbegu zote hazioti katika mwaka mmoja wa ukame. Kitaluni hali hiyo ni hasara, kwa sababu miche haitalingana umri wala kimo.

Ili kuiamsha, mbegu yenye unyevu wa takriban asilimia 18 hutiwa katika mifuko ya plastiki na kuwekwa ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 39 hadi 40 za sentigredi. Hukaa humo kwa muda wa siku 40 hadi 60, na pengine zaidi kidogo. Joto likishuka mno, usingizi hautoki. Likipanda mno, kiini hufa. Chumba hicho kwa hiyo hakiwezi kuachwa bila ya mlinzi wa kipimajoto, mchana na usiku, na umeme wake unahitaji akiba ya jenereta.

Baada ya joto, mbegu hulowekwa kwa siku kadhaa katika maji yanayobadilishwa kila siku, mpaka unyevu wake upande kiasi cha asilimia 22 au zaidi. Kisha hukaushwa juu juu kivulini, hurejeshwa katika mifuko na kuwekwa mahali penye joto la kawaida. Baada ya siku kumi hivi, za kwanza huanza kuchipua. Mafundi huzichambua kila wiki kwa muda wa wiki tano au sita, wakitoa zilizoota na kuzirudisha ambazo bado.

Mbegu iliyoota huonyesha vichomozo viwili: kimoja cheupe chenye ncha, ambacho ndicho shina, na kingine butu chenye rangi ya hudhurungi, ambacho ndicho mzizi. Mpandaji sharti avitofautishe, kwa kuwa mbegu ikipandwa mzizi ukiwa juu, mche hujipinda na haufai tena.

KITALU KIDOGO NA KITALU KIKUBWA

Mbegu iliyoota huatikwa katika kiriba kidogo chenye udongo wa juu ulio laini, kwa kina cha sentimita 1 hadi 2. Hapo hukaa miezi mitatu hadi minne chini ya kivuli cha makuti au wavu. Katika mwezi wa mwisho kivuli hupunguzwa kidogo kidogo, ili mche uzoee jua. Kuondoa kivuli chote kwa siku moja huunguza majani, na kukiacha mpaka mwisho hulea mche dhaifu.

Mche ukiwa na majani matatu au manne huhamishiwa katika kiriba kikubwa, chenye upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 45 hivi, uliotobolewa matundu ya kupitisha maji. Hapo hukaa miezi minane hadi kumi. Viriba hivi hupangwa kwa nafasi ya sentimita 75 hadi 90. Wapo wanaovibana ili kuokoa eneo, lakini miche iliyobanwa hugombania mwangaza, ikarefuka bila ya kunenepa. Mtu asiyejua huusifu mche huo kwa urefu wake. Ukifika shambani huanguka kwa upepo au hukauka.

Jambo linalohitaji hesabu zaidi ni maji. Mche mkubwa wakati wa kiangazi hutaka lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Kitalu chenye miche 10,000 kwa hiyo hutaka lita 15,000 hadi 20,000 kila siku, tena katika miezi ambayo haina tone la mvua. Mwambao wa ziwa na bonde la Mto Luiche, karibu na Ujiji, una neema ya maji. Hata hivyo, maji yaliyo umbali wa nusu kilomita hayamfai mwenye kitalu asiye na pampu. Kabla ya kuchagua eneo la kitalu, njia ya maji ichaguliwe kwanza.

Magugu ndani ya kiriba hung'olewa kwa mkono. Mbolea hutiwa kidogo kidogo kwa kipimo cha mtaalamu. Mchwa, panya na ugonjwa wa madoa ya majani huangaliwa kila siku, maana ugonjwa ulioonekana kwenye mche mmoja hudhibitiwa kwa kuutenga mche huo, lakini uliozagaa huchukua kitalu kizima.

KUCHUJA MICHE

Si kila mche ulioota unafaa kupandwa. Katika kitalu kidogo hutolewa wenye majani membamba kama nyasi, yaliyokunjamana au yaliyojiviringa. Katika kitalu kikubwa hutolewa uliodumaa, uliosimama wima mno, uliotandaa kama sahani, na ule ambao majani yake hayakupasuka. Mche wenye afya ukifika miezi minane hivi majani yake huwa yamekwisha kupasuka kama ya mnazi. Usiopasuka majani wakati wenzake wamepasuka una kasoro, nao hautarekebika kwa mbolea.

Kwa jumla robo ya miche, na pengine zaidi, huweza kutolewa. Kwa hiyo anayetaka kupanda hekta moja kwa nafasi ya mita 9 kwa mpango wa pembetatu, yaani miti 143, haifai aanze na mbegu 143. Aanze na mbegu zilizoota zipatazo 200. Kwa ekari moja, ambayo huchukua miti kama 58, aanze na 80.

Miche iliyotolewa iharibiwe. Huruma ya kuigawa bure, au tamaa ya kuiuza kwa bei nafuu, humpa mwenye haja mti utakaokalia ardhi yake kwa miaka mingi bila ya faida. Hiyo si sadaka.

KALENDA YA KUNDI MOJA LA MBEGU

Katika vituo vikubwa kazi hizi huendelea mwaka mzima. Walakini kundi moja la mbegu linalokusudiwa kwa mvua za Novemba hufuata takriban mpangilio huu:

Januari, mwaka wa kwanza: Kuchavusha maua ya mama.
Juni: Kuvuna mikungu, kutoa na kukausha mbegu.
Julai na Agosti: Chumba cha joto.
Septemba na Oktoba: Kuloweka, kuotesha na kuchambua.
Novemba: Kuatika katika viriba vidogo.
Februari, mwaka wa pili: Kuhamishia katika viriba vikubwa.
Mei hadi Oktoba: Kumwagilia kila siku, kupalilia, kuchuja.
Septemba na Oktoba: Kupima shamba, kupiga vigingi, kuchimba mashimo.
Novemba na Desemba: Kupanda shambani.

Muda huo, tangu kuchavusha mpaka kupanda, unakaribia miaka miwili. Mavuno ya kwanza huja baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu mingine. Mkulima anayeuliza mbona miche haipatikani mwezi huu wa mvua, jawabu lake mara nyingi limo katika mwezi wa Julai wa mwaka uliopita.

WAJIBU WA AFISI

Hapa ndipo kalenda ya mti inapokutana na kalenda ya Serikali. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mwezi huo huo ndio mbegu zinaposubiri kuingia katika chumba cha joto. Afisi inayongoja fedha za robo ya pili ndipo iagize viriba, wavu wa kivuli au mafuta ya pampu, itakuwa imekwisha kuchelewa. Mche hausomi barua wala haungoji saini. Maombi ya vifaa vya kitalu kwa hiyo yaandaliwe katika bajeti iliyotangulia, na zabuni zikamilike kabla ya mbegu kufika.

Hali kadhalika, ugawaji wa miche uendane na mvua na si na sherehe. Miche ikigawiwa Agosti ili kuifurahisha hadhara, mingi itakufa mikononi mwa wananchi. Ikicheleweshwa mpaka Machi, itakosa mvua. Na ikibakishwa kitaluni mwaka mwingine, mizizi yake hujiviringa ndani ya kiriba na mche huzeeka kabla ya kupandwa. Hesabu ya afisi isiishie kwenye idadi ya miche iliyotolewa. Iende mpaka idadi ya miche iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi yenye maana kwa mkulima.

Aidha, kila mzigo wa miche ufuatane na kumbukumbu: mbegu zilitoka wapi, ziliatikwa lini, nani alipokea na ngapi. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazomwezesha mkulima kupata haki yake iwapo baada ya miaka minne shamba lake litaonekana kuwa na miti isiyozaa.

MAFUNZO KWA WAKAAZI WENGINE

Wakaazi wa Unguja na Pemba watayatambua mengi katika maelezo haya, kwa kuwa wao ni watu wa vitalu vya mikarafuu. Tofauti moja inafaa ieleweke. Mbegu ya mkarafuu hupoteza uhai wake kwa siku chache, hivyo sharti iatikwe ingali mbichi. Mbegu ya mchikichi hulala, hivyo sharti iamshwe. Kila mbegu ina desturi yake, na mwenye kitalu hujifunza desturi hiyo kabla ya kuinunua.

Kwa mwenye bustani ya mboga, kanuni ya kutangulia majira ni hiyo hiyo, na muda wake ni mfupi zaidi. Nyanya na kabichi hukaa kitaluni wiki nne hivi, vitunguu maji wiki sita hadi nane. Mtu ahesabu kurudi nyuma kutoka siku anayotaka kuhamisha. Kitalu kiinuliwe kidogo ili maji yasituame, mbegu zipandwe kwa mistari na zisibanwe, na kivuli chepesi kiwekwe mpaka miche ishike. Wiki moja kabla ya kuhamisha, kivuli kiondolewe polepole na maji yapunguzwe, ili miche ikakamae. Kuhamisha kufanywe jioni, au siku ya mawingu.

Ama wale wanaosafiri baina ya Kigoma, nchi jirani na Visiwani, wakumbushwe kwamba mbegu na miche haichukuliwi mkobani kama zawadi ya kawaida. Wadudu na maradhi ya mimea husafiri pamoja nayo. Ni wajibu wa msafiri kupata kibali cha afya ya mimea kutoka kwa mamlaka za kilimo kabla ya safari.

Wananchi wote wanaokusudia kupanda michikichi wanashauriwa kwanza kuwaona maafisa kilimo wa maeneo yao, kuuliza mbegu ya tenera iliyothibitishwa inapatikana wapi, na kutoa maombi mapema, mwaka mmoja kabla ya mvua watakazopandia. Asiokote mtu mbegu chini ya mti wa jirani kwa kuuona umezaa vizuri. Asipokee mche usio na asili inayojulikana, hata ukiwa wa bure. Na aliyepewa mche mzuri, aandae shimo lake kabla ya wingu la kwanza la Novemba.